Mwisho wa Neno la Langoni

Ofisi ya Mkuu wa Shule
6 Agosti

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba sikio la kushoto limekubali dawa. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za mvua ukanijibu habari za pua, kwa hiyo nimeona tuachane na simu, turudi kwenye karatasi.

Nina swali la kazi yako ya zamani. Unalikumbuka neno lililochongwa juu ya lango letu, VOCATAE. Mwakani shule inapokea wavulana. Bodi imeniuliza kama neno lile litawafaa, nikawaambia kuna mtu mmoja tu wa kuulizwa. Naona haya kusema kwamba mimi niliyekuwa nakariri miisho ya maneno mpaka bweni zima likanipa jina la Kasuku, leo nikianza naishia njiani. Hebu nieleze kama unavyomweleza mtoto wa kidato cha kwanza: neno lile limetoka wapi, na likibadilika linabadilika vipi? Andika kirefu, nitawasomea wajumbe.

Hapa tunaendelea vizuri. Maktaba imepakwa rangi, na bati la darasa lako la zamani limebadilishwa, halivuji tena. Matroni anakusalimu. Bado anagombana na mabomba ya bafuni, na mabomba bado yanashinda.

Binti yako,
Kasuku


Nyumbani
15 Agosti

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Sikio limeamua kustaafu kama mwenye sikio, tuliache lipumzike.

Tangu nilipokabidhi funguo za darasa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo la namna hii. Nilifurahi mpaka nikasahau maziwa jikoni, yakafurika, yakazima moto. Basi keti, ukae wima, usiegemee ukuta.

Mwanzo kuna vox, sauti. Kutoka ukoo huohuo wa sauti kuna kitenzi voco, naita. Chukua shina la kitenzi hicho, lipachike herufi t, kisha livishe nguo za kivumishi. Unapata vocatus, aliyeitwa. Nilikuwa nawaambia kwamba ni neno lenye wazazi wawili. Baba yake ni kitenzi, na kwake limerithi tendo: kuna mtu aliita, na kuita huko kumekwisha. Mama yake ni kivumishi, na kwake limerithi tabia ya kubadilisha nguo kulingana na anayeketi naye. Akiwa mwanamume mmoja ni vocatus, mwanamke mmoja ni vocata. Wanaume wengi ni vocati. Wanawake wengi ni vocatae.

Hapa ndipo mlipokuwa mnahangaika, kwa sababu Kiswahili chetu hakina shida hiyo. Tukisema "walioitwa" wameingia wote, na huwezi kujua kama ni mashangazi au wajomba mpaka wafike mlangoni. Kilatini kinakubana useme ni nani. Waliochonga lango lile walibanwa wakasema: wasichana.

Sasa wavulana wanakuja. Sheria ya kundi lililochanganyika ni hii, na sikuwahi kuipenda. Wasichana wawe mia na mvulana awe mmoja, Kilatini kitaandika vocati. Mwisho wa kiume unawabeba wote. Kwa hiyo mkiandika vocati, neno hilo haliwafukuzi wasichana. Linawafunika tu, na mtu anayesoma akiwa barabarani hawezi kujua kama wamo.

Ukiniuliza mimi, lipo lingine zuri zaidi: vocatis, yaani "kwa walioitwa". Neno likikaa mahali hapo pa kupokea, katika wingi, wanaume na wanawake wanavaa nguo moja, hakuna anayemfunika mwenzake. Na fundi atakushukuru. Idadi ya herufi ni ileile, saba, anabadilisha mbili za mwisho tu, na hakuna pengo litakalobaki kwenye jiwe.

Niambie, wavulana mtawalaza wapi? Bweni la chini lina unyevu, usiwaweke pale.

Mwalimu wako


Ofisi ya Mkuu wa Shule
28 Agosti

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma kwenye kikao, na hata mwenyekiti ambaye husinzia kuanzia ajenda ya pili alikuwa macho. Walicheka pale pa mashangazi na wajomba.

Wamechagua vocati. Vocatis wameona itawachanganya watu, na mimi sikutaka kubishana kwa jambo dogo.

Nina ombi moja tu, halafu nikuache upumzike. Mwezi ujao tuna mkutano wa wazazi. Wengi wao mama zao walipita kwako, na wanakuamini wewe kuliko wanavyoniamini mimi. Naomba uniandikie sentensi chache kwenye karatasi yake peke yake, na sahihi yako chini, kwamba neno vocati linawabeba wasichana pia na haliwafukuzi. Basi. Wazazi wakisikia hivyo kutoka kwako watatulia.

Habari za malazi usiwe na wasiwasi. Kila mwanafunzi wa mwakani atapata kitanda mahali pakavu.

Binti yako,
Kasuku


Nyumbani
5 Septemba

Mwanangu Kasuku,

Karatasi uliyoomba iko ndani ya bahasha hii. Nimeandika kama ulivyotaka, kwa mwandiko wa ubaoni, ili usomeke hata na asiye na miwani.

Sijaelewa vocatis itamchanganya nani. Mtu asiyejua Kilatini hachanganywi na lolote kati ya hayo mawili, na anayekijua hachanganyiki. Ila lango ni lenu.

Juzi nilimwambia jirani yangu kwamba mkuu wa shule ile nilimfundisha mimi. Akaniambia, "Mama, hilo umeshaniambia." Nikamwambia basi sikiliza tena. Nikamweleza jinsi shangazi yako alivyokushusha pale langoni, muhula ukiwa umeshaanza na majina yamejaa, akaondoka bila kuaga. Nilimfuata Mkuu wa wakati ule ofisini kwake nikamwambia kama hakuna kitanda huyu mtoto atalala kwangu. Ulilala kwangu mpaka Pasaka. Jirani alisikiliza vizuri mara hii.

Mwalimu wako


Bwenini
2 Novemba

Mwalimu,

Sikusalimii na wala sitegemei unisalimie. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu nikijizuia, na sasa nimeshindwa.

Tumefanya kazi pamoja, mimi na wewe, tangu nikiwa msichana wa kufagia. Watoto wakiugua usiku nilikuwa nakuamsha wewe, siendi kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nataka unieleze kwa kinywa chako ni kitu gani walikupa.

Septemba wazazi waliitwa. Mkuu akasimama na karatasi yako mkononi. Akasoma kwamba neno jipya la langoni linawabeba wasichana pia wala haliwafukuzi, limeandikwa na Mwalimu mwenyewe, sahihi hii hapa. Wazazi wakapiga makofi. Wakapitishiwa karatasi za kukubali mabadiliko, wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine, wengine wakisimama na watoto mgongoni. Hata mimi nilipiga makofi, kwa sababu nilisikia jina lako.

Ijumaa iliyopita wasichana waliitwa ukumbini, kila mmoja akapewa bahasha. Wa kidato cha nne watafanya mtihani wao wamalize. Wengine wote, mwakani nafasi zao hazipo. Shule inakuwa ya wavulana peke yao, ya sayansi. Vitanda vimeanza kutolewa nje kupakwa rangi. Yule mdogo wa kidato cha pili, binti wa fundi cherehani, amekaa juu ya sanduku lake kwenye ujia tangu jana, kila nikimwambia ainuke anasema, "Matroni, ngoja kwanza nifikirie."

Nilikwenda kwa Mkuu. Nikamuuliza, "Hivi Mwalimu anajua?" Akanitazama usoni akasema, "Mwalimu ndiye aliyebariki."

Kwa hiyo sasa najua. Kama ulikuwa na sababu, kaa nayo.

Matroni


Nyumbani
9 Novemba

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Haki yako kutonisalimia. Mimi nakusalimia.

Sikujua. Nimeandika neno hilo nikalitazama, na naona linavyoonekana jepesi, lakini ni hilo tu nililo nalo. Hakuna aliyenipa kitu. Niliambiwa wavulana wanakuja, na wavulana kweli wanakuja. Nimezitandaza barua zake zote mezani na kuzisoma kama ninavyosahihisha mtihani, nikitafuta mahali aliponidanganya. Sikupaona. Hakuandika popote kwamba wasichana watabaki. Hilo nililiweka mimi mwenyewe kichwani, kwa sababu haikunijia kwamba mtoto yule, kati ya watoto wote, angeweza kulifunga lango lile.

Aliniambia unanisalimia. Je, uliwahi kumtuma salamu? Naona hata hilo sina uhakika nalo tena.

Sikia. Kuna mkutano mwingine wa wazazi? Ukiwepo niandikie siku, nitakuja hata kama ni kwa kubebwa. Pia zungumza na wasichana wenyewe, wale ambao hawana pa kurudi. Unawajua kuliko mimi. Mwambie binti wa fundi cherehani kwamba kufikiri ni jambo jema, lakini akafikirie kitandani, sakafu ya ujia ina baridi.

Dada yako


Nyumbani
9 Novemba

Kasuku,

Ulipochukua kalamu mwezi wa nane kuniuliza miisho ya neno, ulikuwa unajua? Nijibu ndiyo au hapana.

Mwalimu


Ofisi ya Mkuu wa Shule
17 Novemba

Shikamoo Mwalimu,

Najua Matroni amekuandikia. Sikutaka uyasikie kwake. Nilipanga kuja mwenyewe kukueleza baada ya mitihani, tukae tuongee vizuri, lakini mambo yamekwenda mbio.

Naomba uniamini kwa jambo moja: sikukuandikia sentensi hata moja ya uongo. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila ulichoandika kilikuwa kweli, na wazazi walisomewa maneno yako kama yalivyo.

Mwalimu, wewe ulistaafu na zawadi ya saa ya ukutani, mimi nikabaki na paa linalovuja. Kila mwaka wasichana wanapungua, kila mwaka bodi inaniuliza shule ya namna hii inaishi vipi. Wafadhili waliokuja walitaka maabara na wavulana. Bodi ilikata shauri tangu Juni. Niliambiwa wazi kwamba nikikubali nitaiongoza shule mpya, nikikataa ataletwa mwingine asiyejua hata jina la mti mmoja hapa, na wasichana wataondoka vilevile. Kwa hiyo nilichagua. Nilijiambia kwamba nikibaki ndani, baada ya mwaka mmoja au miwili, naweza kuwarudisha kidogo kidogo. Bado najiambia hivyo.

Unataka kujua kwa nini nilikuja kwako. Kwa sababu wangekuamini. Na kwa sababu ningekueleza yote ungenizuia, na mimi sijawahi katika maisha yangu kuweza kufanya jambo ukiwa umenizuia.

Ulitufundisha mwenyewe kwamba neno moja linaweza kubeba watu wa aina mbili. Nililitumia kama lilivyo.

Nisamehe kwa maumivu. Sijui kama naweza kuomba msamaha kwa jambo lenyewe.

Binti yako,
Kasuku


Nyumbani
24 Novemba

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Nilikuomba neno moja, umeniletea kurasa mbili. Lakini neno lenyewe limo, umeandika Juni. Nimelipigia mstari.

Unasema hakuna sentensi ya uongo. Nakubali. Nimetafuta nikachoka. Ungenidanganya waziwazi ningepumua vizuri zaidi, ningesema mtoto aliogopa, watoto wakiogopa husema uongo. Wewe ulikaa ukapima kila neno. Uliacha vocatis kwa sababu lile lingewaweka wasichana sawa na wavulana, bila kufunikwa, na mtu yeyote angeweza kusimama chini ya lango akawauliza wako wapi. Ulitaka linalofunika. Mwanafunzi wangu aliyekuwa anapata alama za juu kuliko wote alielewa somo vizuri kabisa. Sina la kusahihisha.

Nimemweleza jirani, yule niliyekuwa namchosha na sifa zako. Aliniletea maji ya kunywa.

Nitakuja kwenye mkutano wa wazazi wa tarehe sita Desemba na nitawaambia wazazi sahihi ile ilitafutwa kwa njia gani. Sitasema zaidi ya yaliyotokea, na sitasema pungufu.

Usiniandikie tena kwa jina la Kasuku. Jina lile ulipewa na wasichana wa bwenini.

Mwalimu


Bwenini
13 Desemba

Dada,

Shikamoo. Kwanza nisamehe kwa ile barua yangu ya Novemba, hasa pale niliposema ulipewa kitu. Nilipokuona unapanda zile ngazi za ukumbi umeshika ukuta, roho iliniuma mpaka nikashindwa kukupokea mkoba.

Ulipomaliza kuwaambia ukaondoka, wazazi hawakuondoka. Walikaa nje ya ofisi mpaka mwenyekiti akatoka. Baba wa yule mdogo, fundi cherehani, mtu mpole ambaye kwa kawaida husikii hata anakohoa, alimwambia, "Mzee, mlinisomea barua ya mwalimu aliyemfundisha mama yangu. Mngenisomea barua yenu ningeuliza maswali." Mwenyekiti akasema sahihi zimeshatiwa. Ni kweli, zimeshatiwa.

Shule hairudi, dada, nisikufiche. Walichokubali ni kuwatafutia wasichana nafasi katika shule za kutwa huko mjini kwenu. Wengi wana ndugu wa kukaa nao. Watano hawana mtu kabisa huko mjini, binti wa fundi cherehani akiwa mmoja wao, nimeulizia kila kona.

Fundi wa mawe alikuja juzi langoni, amevunja herufi mbili za mwisho na kuweka moja. Ulilidokeza tangu mwanzo, pengo limebaki. Wamelijaza saruji, na saruji haijafanana na jiwe.

Kuna lingine. Jana bodi imemtangaza mkuu wa shule mpya, mwanamume, mwalimu wa fizikia kutoka nje. Mwanafunzi wako ameambiwa atapangiwa kazi nyingine, na nyumba aiache kabla ya mwaka mpya. Nilimkuta ofisini anatoa vitabu vyake rafuni. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikakuta sina kicheko. Aliniuliza, "Matroni, na wewe wamekuacha?" Nikamwambia ndiyo, wavulana wanahitaji mlezi wa kiume. Akaendelea kupanga vitabu.

Naomba ushauri wako kuhusu hawa watano. Na kuhusu mimi.

Mdogo wako,
Matroni


Nyumbani
19 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na yale ya Novemba tumeyamaliza.

Njoo nao. Wote watano, na wewe wa sita. Nimeongea na shule ya kutwa iliyo nyuma ya posta, mkuu wake ni mama mmoja mkali, nimempenda. Watalala chumba kikubwa, mimi nahamia kile kidogo cha uani ambacho kina joto zuri kwa magoti. Wewe utachagua. Jirani ametoa magodoro mawili na anajifanya alikuwa anataka kuyatupa.

Mabomba yangu nayo ni mabovu, nakuonya mapema.

Dada yako


20 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Hukuniruhusu kuandika kwa jina nililolizoea, na jina la ofisi sina tena, kwa hiyo utanisamehe nikiandika bila jina.

Kazi nyingine niliyoahidiwa haijatokea. Nikienda ofisi ya bodi, karani ananiambia mwenyekiti ametoka, na mimi namsikia mwenyekiti akiongea nyuma ya mlango. Nimepanga chumba nyuma ya duka la rangi. Nikifungua dirisha chumba kinajaa harufu, nikilifunga kinajaa joto. Masanduku ya vitabu ndiyo meza, ndiyo kiti.

Sikuandikii ili unihurumie. Ukweli ni kwamba ninapolala najibu swali lako. Nasema ndiyo. Nilijua. Najibu kila siku na hakuna anayesikia, kwa hiyo nimeona nikuandikie: ndiyo.

Naomba kuja kwako. Siku chache tu, mpaka nijue pa kuelekea. Sina mtu mwingine, Mwalimu, na unalijua hilo kuliko mtu yeyote.


Nyumbani
27 Februari

Kwa aliyeniandikia bila jina,

Marahaba. Neno nimelipokea. Lingefika Novemba lingekuwa na kazi zaidi, lakini nimelipokea.

Nyumba yangu ina wasichana watano wa bweni lako. Hilo labda hukuambiwa. Wanasoma shule ya kutwa na wanashika nafasi za katikati, kwa sababu walianza wakiwa nyuma na wamechoka. Wawili huota ndoto mbaya. Binti wa fundi cherehani, ambaye baba yake amekwenda kutafuta kazi mbali, hajaacha kuniuliza, "Bibi, sisi tulikosa nini?" Namwambia hamkukosa kitu. Anasema, "Basi kwa nini?" Jibu la hilo si langu.

Njoo Jumamosi ya tarehe kumi Machi, asubuhi, wakiwa wote wapo. Uje uwaambie wewe mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, ilivyokuwa. Sitakusemea na sitakukatiza. Ukishamaliza kuwaambia, tutaona habari za kulala.

Mwalimu


14 Machi

Mwalimu,

Nilikuja.

Nilishuka kituoni asubuhi, nikatembea kwa miguu ili nipange maneno. Nilikuwa nayo yote. Nilipofika kwenye uzio wako nikaona sketi tano kwenye kamba, bado ni zile za rangi ya shule yetu, hawajapata nyingine, na moja imetiwa kiraka cha kitambaa cha pazia. Nikasikia sauti ya Matroni ndani ikimwambia mtu asome kwa sauti, na mtu huyo akasoma, akakwama, wenzake wakamcheka, akaanza tena.

Nilisimama pale. Sijui kwa muda gani. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo la geti, na nakumbuka lilikuwa la baridi ingawa jua lilishatoka. Kila neno nililolipanga lilikuwa na maelezo ndani yake, na niliona kwamba wakinisikiliza ningeanza tena kuchagua maneno, mbele yao, kama nilivyokufanyia wewe.

Nikarudi kituoni. Najua umenisubiri. Nisamehe na kwa hilo.


Nyumbani
22 Machi

Mwanangu,

Nilikuona.

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha tangu alfajiri, nimevaa nguo ya kutokea. Nilikuona unakuja, nikaona mkono ukishika komeo. Ningeweza kutoka. Toka kwenye kiti changu mpaka kwenye geti ni hatua chache hata kwa magoti haya. Nilikaa. Nilikuwa nataka uingie mwenyewe, na kadiri ulivyosimama ndivyo nilivyozidi kukasirika, na kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyoshindwa kuinuka.

Usije kwa sasa. Sijui nitasema nini ukiingia, na naogopa kwamba nitasema jambo ambalo sitaweza kulirudisha. Nitakuandikia. Kuhusu chumba kile nyuma ya duka, nimeongea na yule mama mkali wa shule ya kutwa, amekubali kukuona kuhusu kazi ya kufundisha masomo ya jioni, upate kodi ya chumba kingine. Nimemweleza kila kitu. Anataka kukuona hata hivyo. Nenda kwake Jumatatu, uvae viatu visivyotoa sauti, hapendi.

Lakini kuna jambo lazima nikuambie, kwa sababu nilikudai ukweli na mimi siwezi kubaki bila kuutoa wa kwangu. Ulipokuwa umesimama pale, binti wa fundi cherehani aliinua kichwa kutoka kwenye daftari akakuona. Ulikuwa umejifunga kitambaa, hakukutambua. Matroni alikutambua mara moja, kwa mwendo, akanitazama akangoja.

Mtoto akaniuliza, "Bibi, nani yule?"

Nikamwambia, "Ni mtu aliyekosea nyumba."

Sikupima maneno. Ulikuwa uongo mtupu, wa sentensi moja. Aliniamini palepale, akainamisha kichwa, akaendelea kuandika.

Mwalimu